Kifua cha mtoto njiti: maswali ninayoulizwa Mwanza

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Mwanza. Maswali haya nimeulizwa kliniki, kwenye daladala ya Igoma, msibani, na siku moja nikiwa saluni kichwa kimejaa povu. Karibu yote yanazunguka jambo moja: mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akapona, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na sasa ana mwaka mmoja, mitatu au minane lakini kifua hakitulii. Majibu yangu hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mtoto wako na kumsikiliza mgongoni.

Njiti ni mtoto wa wiki ngapi hasa?

Ni aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Aliyezaliwa kati ya wiki 32 na 37 ni njiti wa kawaida. Kati ya 28 na 32 ni mchanga sana. Chini ya 28 ni mchanga kupita kiasi. Duniani, mwaka 2020, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa hivyo, yaani takriban mmoja katika kila kumi.

Wazazi wengi wananitajia kilo: "Alikuwa na kilo moja na nusu." Kilo zina maana yake, lakini kwa habari ya mapafu nataka wiki. Yupo mtoto mdogo kwa uzito aliyetimiza miezi yake yote tumboni, na mapafu yake si sawa na ya njiti. Kama wiki hazikuandikwa kwenye kadi, waulize waliokuzalisha ungali unakumbuka tarehe, uziandike kwa kalamu juu ya jalada.

Mapafu yake yalipungukiwa nini?

Mambo mawili. La kwanza ni ute laini unaopaka vifuko vya hewa kwa ndani ili visigandane mtoto anapotoa pumzi. Tumboni ute huo huanza kutengenezwa karibu wiki ya 24, na hutosheleza kuanzia kama wiki ya 34 au 35. Mtoto akitoka kabla ya hapo, kila pumzi ni kazi ya kufumbua upya vifuko vilivyonata. Hilo liligunduliwa mwaka 1959 na Mary Ellen Avery na Jere Mead huko Marekani. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Patrick, mtoto wa Rais Kennedy, alizaliwa zikiwa zimebaki wiki tano na kitu, akafa baada ya siku mbili kwa ugonjwa huohuo. Mtoto wa rais wa Marekani, na hakukuwa na la kumfanyia. Leo njiti wa umri ule anategemewa kupona, hata hapa kwetu.

La pili ndilo linalobaki na mtoto kwa miaka. Vifuko vya hewa vyenyewe vingi huota mwishoni mwa ujauzito na baada ya kuzaliwa. Njiti huviotesha nje, huku anapumua, huku anapewa oksijeni, huku anapigana na vijidudu. Mashine na oksijeni vilivyomwokoa navyo vinaweza kuacha makovu. Madaktari walilieleza jambo hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Kwa kawaida, njiti aliyezaliwa mapema sana na akawa bado anahitaji oksijeni alipofikisha hesabu ya wiki 36 tangu mimba ianze kuhesabiwa, si tangu azaliwe, huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu. Kama wako alikuwa hivyo, yaliyomo humu yanamhusu zaidi ya wengine.

Kila akishikwa na mafua kifua kinapiga filimbi. Ndiyo pumu hiyo?

Labda, ila usikimbilie kumbandika jina. Fikiria mrija wa soda na mrija wa juisi nene. Ukiziba kidogo kwa kamasi, ule mwembamba ndio unaolia. Mirija ya hewa ya njiti mara nyingi ni myembamba kuliko ya mwenzake wa umri uleule, kwa hiyo mafua ambayo kwa dada yake yangeishia puani, kwake yanashuka kifuani.

Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa waliozaliwa kabla ya wakati wana uwezekano wa kupata filimbi au pumu utotoni wa karibu mara moja na nusu kuliko waliotimiza miezi. Kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 ni karibu mara tatu. Lakini hata hao, wengi hawapati pumu. Na wengi wanaopiga filimbi wakiwa na mwaka mmoja au miwili hupungua kadiri mirija inavyopanuka, hasa wakifika umri wa kwenda shule. Ndiyo maana daktari mwangalifu anasita kuandika "pumu" kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kanuni yake ni kutazama: je, filimbi inakuja na mafua tu, au hata akicheka, akikimbia, akiwa usingizini usiku wa manane? Ya aina ya pili inasogea karibu na pumu.

Kirusi kinachowasumbua zaidi wakiwa wachanga kinaitwa RSV. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi ni mafua tu. Kwa njiti wa miezi minne kinaweza kumrudisha kwenye oksijeni. Mgeni mwenye mafua asimbebe, hata akiwa shangazi aliyesafiri kutoka Bariadi. Mwambie anawe mikono, akae kwenye kiti cha mbali, amwone kwa macho.

Kwa hiyo ni aleji?

Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya Mwanza. Siku hizi kila kitu ni aleji. Mtoto akikohoa, aleji ya vumbi; akipiga chafya, aleji ya samaki; akiwashwa, aleji ya maziwa. Kwa njiti, mara nyingi si hivyo.

Watafiti waliofuatilia watoto hawa miaka mingi wamekuta jambo linalowashangaza wazazi: pumu ya ngozi haiwapati njiti kuliko wengine, na katika baadhi ya tafiti inawapata kidogo zaidi. Mafua ya aleji vilevile. Aleji ya chakula nayo haikuonekana kuongezeka. Na wakipimwa, kubanwa kwao kifua mara nyingi hakuna ule uvimbe wa kialeji unaoonekana kwa mtoto mwenye pumu ya kurithi. Tatizo lao kubwa ni la bomba: mirija myembamba, kuta zilizopata makovu, vifuko vichache. Wapo njiti wenye aleji kweli, hasa kama baba au mama ana pumu au pumu ya ngozi. Wamepata kwa njia ileile ya kila mtu.

Kwa nini nalishupalia? Kwa sababu ya kinachotokea jikoni. Bibi mmoja alimleta mjukuu kutoka Ukerewe, mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa wiki ya 30. Nywele zilikuwa zimefifia rangi, mikono kama vijiti. Nikauliza anakula nini. "Uji mweupe, mwanangu, na ugali na mlenda. Samaki tumemkataza, mayai tumemkataza, maziwa na karanga pia. Ana aleji ya kifua." Nani aliyempima? Hakuna. Jirani alisema. Kisiwani, samaki wamezunguka pande zote nne, na mtoto ananyimwa samaki. Na jiko la kuni lilikuwa chumba kimoja na kitanda chake.

Aleji ya kweli ya chakula ina sura yake. Inakuja haraka, dakika chache hadi kama saa mbili baada ya kula. Ngozi inatoa vilengelenge vinavyowasha, midomo au macho yanavimba, mtoto anatapika, pengine anabanwa. Na inarudia kila akila chakula kilekile. Kikohozi kilichoanza Jumanne kwa dagaa wa Jumapili si aleji ya dagaa. Ukiona ile sura ya kweli, acha chakula hicho kimoja na umwone daktari. Akibanwa pumzi au akilegea, ni hospitali papo hapo. Usiondoe vyakula vinne kwa kubahatisha. Mapafu ya njiti yanaendelea kuota miaka kadhaa baada ya kuzaliwa, na mtoto mwenye njaa ya protini hawezi kuyaotesha vizuri.

Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi?

Swali zuri, na hapa naomba nibadilike kidogo. Wadudu wale, wanaoinuka juu ya maji kwa mamilioni na kuonekana kama wingu jeusi, baadhi yao ni wa jamii ambayo huko Sudan, kando ya mto Nile, ilithibitishwa kusababisha aleji na pumu kwa watu wanaovuta mabaki yao. Kwa hiyo kama nyumba yenu iko ufukweni, na kifua cha mtoto kinabana zile siku wingu linapotua, si mawazo yako. Funga madirisha upande wa ziwa kabla jua halijazama, zima taa ya nje inayowaita, na asubuhi fagia kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio mkavu. Mtoto asiwepo wakati wa kufagia.

Basi adui mkubwa ni nani?

Moshi. Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika nyumba ya njiti, ningeanza na moshi.

Moshi wa kuni, wa mkaa, wa samaki wanaobanikwa, wa taka zinazochomwa uani, wa sigara, wa dawa ya mbu ya kuchoma, wa ubani na udi. Mapafu hayajui kwamba ule wa udi unanukia vizuri. Akina mama wa mialoni wanaobanika sangara wananiambia, "Ndiyo kazi yetu, tufanyeje?" Najua. Nakubali. Basi tupunguze: mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kubanika, hata kama ndiyo njia rahisi. Akae na mwenzako upande upepo unakotoka. Badilisha nguo kabla ya kumnyonyesha. Jiko la mkaa liwashiwe nje mpaka liwe jekundu, na lisilale chumbani na watoto usiku hata kama kuna baridi. Hilo linaua hata mwenye mapafu mazima.

Gesi ikiwezekana ni bora zaidi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ila mtungi mdogo una gharama yake kuujaza, na mwenye watoto watano anaumaliza haraka. Ushauri wangu kwa wasiomudu kila siku: gesi itumike siku mtoto anapokuwa na mafua, na kwa mapishi ya ndani wakati wa mvua.

Baba anayevuta sigara nje halafu akaingia kumbeba mtoto kifuani, bado amemletea moshi kwenye shati.

Wazee wanasema kikohozi ni kimeo kirefu. Tukikate?

Hapana. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho na hakizuii pumzi wala hakileti kikohozi cha njiti. Kinachotokea kwa mkataji ni kisu kisicho safi, damu nyingi, pepopunda, na wakati mwingine jeraha linalooza koo. Nimeona mtoto aliyeletwa baada ya kukatwa kimeo, kumbe alikuwa na nimonia siku nne. Siku hizo nne ndizo zilizotusumbua.

Bibi akishikilia, usimtukane. Mlete kliniki, tumwonyeshe kimeo cha daktari mwenyewe.

Chanjo: tuhesabu kuanzia siku aliyozaliwa, au siku aliyopaswa kuzaliwa?

Siku aliyozaliwa. Watu wengi wanakosea hapa kwa kuwa ukuaji tunauhesabu kinyume: kukaa, kutambaa na kutembea tunatoa zile wiki alizowahi, mpaka afike miaka miwili. Chanjo hatutoi kitu. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni zilezile kwa njiti na asiye njiti, na surua na rubela ni miezi 9 na 18. Ya kifua kikuu, ile ya begani, kwa mdogo sana huweza kusubiri aongezeke uzito. Muulize muuguzi, usiiache ipotee.

Kwa kifua, muhimu zaidi ni ile ya pamoja, yenye kinga ya kifaduro, na ile ya nimonia ambayo Tanzania iliianza mwaka 2013. Kifaduro kwa njiti ni hatari kubwa. Nasikitika kila ninapoona kadi ya njiti ina mapengo kwa kuwa mama aliambiwa na jirani "bado mdogo, ataumia".

Tumepewa dawa ya kuvuta. Haitamzoesha?

Haimzoeshi. Hofu hii imewakosesha watoto usingizi bure. Ile ya kufungua mirija, salbutamol, ikivutwa inaenda moja kwa moja kunakohitajika kwa kiasi kidogo. Sharubati au vidonge vya dawa hiyohiyo vinapita tumboni na damuni, vinachelewa, na mtoto anabaki anatetemeka mikono na moyo unakimbia. Wazazi wanapenda sharubati kwa kuwa inaonekana ni dawa ya mtoto, nami nawaelewa, lakini si bora.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza pampu, yaani kile kikopo cha dawa ya kuvuta, na kuvuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo anahitaji chombo cha kukaa katikati ya pampu na mdomo. Cha dukani ni ghali. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa umbo la mdomo wa pampu, inafanya kazi sawa na cha dukani. Tunaitengeneza hivi: waya mnene upashwe moto, utoboe chini ya chupa, pampu iingie kwa kubana bila kuvujisha. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Wa chini ya miaka minne anahitaji barakoa ya kufunika pua na mdomo. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mwache avute pumzi tano au sita za kawaida, kisha tikisa tena kabla ya ya pili. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa.

Pampu ya kuzuia, ambayo ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ni jambo jingine. Hiyo daktari huijaribu kwa wiki kadhaa, na kama haijabadilisha kitu huiacha, maana kifua cha njiti kisicho na uvimbe wa kialeji hakiitikii kila mara. Mtoto asukutue mdomo baada yake.

Lini nikimbie?

Mvue shati, akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi miwili: 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano: 40 au zaidi. Ukiona hivyo, ni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usisubiri hata dakika kama chini ya mbavu panabonyea ndani kwa kila pumzi, midomo imegeuka rangi, anaguna, hawezi kunyonya au kunywa, amelegea, au ameanza degedege.

Kwa wa ng'ambo ya maji: wa Sengerema wana daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025, hawana tena foleni ya kivuko. Wa Ukerewe na visiwa vidogo bado wanategemea maji na ratiba. Kama saa tisa alasiri anahema haraka, ondoka saa tisa. Saa nne usiku ziwa halina huruma.

Kikohozi kimefika wiki tatu. Bado ni unjiti?

Acha kuusingizia unjiti. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, hasa akiwa haongezeki uzito au kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa, kinataka kupimwa kifua kikuu. Pia mtoto aliyepaliwa na karanga au punje ya mahindi anaweza kukohoa wiki nyingi, na filimbi ikasikika upande mmoja tu wa kifua. Eleza vyote.

Asali na mafuta ya kupaka?

Asali hapana chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumboni mwa mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli, ya kupumua ikiwemo. Mafuta makali ya kufungua pua hapana kwa wachanga, yanaweza kuongeza kamasi. Puani mtilie matone ya maji ya chumvi, kisha mnyonyeshe mara nyingi.

Acheze mpira au tumkalishe?

Acheze. Anaweza kuchoka mapema kuliko wenzake, na mwalimu ajue hivyo bila kumfanya kipa milele. Kama kifua kinabana anapokimbia, daktari anaweza kumpangia pampu kabla ya mchezo, na hiyo pampu ikae shuleni kwa mwalimu, si kwenye kabati nyumbani. Kuogelea kunajenga pumzi vizuri sana. Tatizo letu ni kwamba ziwa lina kichocho, kwa hiyo siwezi kumtuma mtoto Nyegezi kwa moyo mweupe.

Ataishi hivi mpaka ukubwani?

Mapafu ya kila mtu hufika kilele karibu miaka 20 hadi 25, kisha huanza kushuka polepole. Aliyezaliwa mapema sana hufika kilele cha chini kidogo, hivyo akiba yake ni ndogo. Wengi hawalijui hilo maisha yao yote. Wanalima, wanavua, wanapanda Capri Point bila kusimama. Atakayelijua ni atakayevuta sigara. Kijana wako akifika miaka 14, mwambie habari ya kuzaliwa kwake siku hiyo, si baada ya kumkuta na pakiti.

Kuanzia miaka mitano au sita mtoto anaweza kupuliza kwenye kipimo cha nguvu ya mapafu. Omba rufaa kama alikaa muda mrefu kwenye oksijeni.

Nina mimba nyingine. Naweza kumkinga huyu?

Wahi kliniki, na siku ya kwanza sema kuwa uliwahi kujifungua njiti. Uchungu ukianza mapema, hospitali yenye uwezo inaweza kukuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha faida yake mwaka 1972, baada ya kuanza na kondoo. Sindano hizo hufanya kazi vizuri ukiwahi, si ukifika mtoto anatoka. Akizaliwa mapema hata hivyo, ombeni awekwe kifuani ngozi kwa ngozi mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano, ulikuta vifo vimepungua kwa robo kwa waliobebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa. Baba naye ana kifua, avue shati.

Ana miaka 12, hajakohoa tangu darasa la kwanza. Bado nimwambie daktari alikuwa njiti?

Ndiyo. Wiki alizozaliwa, na siku alizokaa kwenye oksijeni. Inachukua nusu dakika.